Nilivyokwenda Kumrekodi Dudumizi wa Mwanahawa

Nyie wa kijiweni mmeniuliza zaidi ya mara moja nilikuwa wapi zile siku tatu mwanzoni mwa vuli, na kila mara nikawajibu nilikuwa na shughuli. Sasa naandika. Nikisema kwa mdomo mtanikatiza, mtaanza kubishana njia ipi ni fupi, na habari yenyewe itapotea. Shule mie niliishia darasa la tatu, kwa hiyo msinitafutie makosa ya kalamu. Nilivyojenga nimejenga bila kalamu.

Chamazi, chumba cha mbele

Mwanahawa, mke wangu, mnajua alivyokuwa. Hospitali walishatuambia tumrudishe nyumbani, wakatupa dawa za maumivu, na nyie ni watu wazima, mnaelewa maana yake. Tulimlaza chumba cha mbele, dirisha wazi. Macho alikuwa anayafumba muda mwingi, lakini masikio yake hayakuugua hata siku moja. Angekwambia nani anapita barabarani kwa mburuzo wa ndala zake.

Siku hiyo wingu lilitanda tangu asubuhi, mvua inatishia tu. Akaniita.

"Baba Zaituni, huku hakuna dudumizi."

Kwa asiyemjua, dudumizi ni ndege wa kahawia mwenye mkia mrefu, mvivu wa kuruka, anakaa kwenye matete na vichaka vya bondeni. Mvua ikikaribia analia du-du-du-du, sauti inashuka, kama maji yanayomiminwa kutoka chupa yenye shingo nyembamba. Mke wangu ni Mzaramo wa Madale. Kwao walikuwa hawashiki jembe la vuli mpaka huyo ndege amelia.

"Unamtaka wa nini?" nikamuuliza.

"Nimsikie wa kwetu. Nijue mvua imefika kwetu. Nikishajua, basi."

Binti yetu Zaituni, ndiye anayemuuguza, akatafuta kwenye simu yake akampata dudumizi wa mtandaoni, akamwekea mama yake sikioni. Mwanahawa akasikiliza kidogo akaisukuma simu.

"Huyo analia kama yuko darasani. Hana upepo, hana maji. Huyo si wa kwetu."

Zaituni akasema atatuma mtu na simu aende Madale akarekodi. Nikamwambia hakuna kutuma mtu, naenda mwenyewe. Na sababu nitaisema. Kila vuli tangu tuoane mke wangu aliniomba nimpeleke kwao akalime japo matuta mawili, na kila vuli nikamwambia malori hayana likizo. Mara ya mwisho mie kukanyaga kule ni tulipomzika mama yake, Bi Tatu, na ni miaka mingi. Siku hiyo nilishuka kaburini mwenyewe, mie mkwe, nikampokea, nikamlaza kwa mikono yangu pembeni mwa bonde. Baada ya hapo, kazi.

Simu yangu ni kitochi cha kupiga na kupokea tu, ikabidi nichukue ya Zaituni.

"Baba, bonyeza hapa pekundu, inaanza. Bonyeza tena hapo hapo, inaacha. Usiguse kingine."

"Nimeendesha lori la tani kumi, hiki ndio kitanishinda?"

"Lori halina nywila, baba," akasema, akaniondolea hiyo nywila.

Buguruni, asubuhi nzima

Niliondoka na pikapu yangu alfajiri. Ilinifikisha Buguruni, mbele kidogo ya soko, ikatoa moshi mweupe ikasimama. Fundi akafunua boneti, akatikisa kichwa, akaniambia gasketi imekwenda na leo haitengenezeki. Nikamwambia mie magari nimeyajua kabla hajazaliwa. Akasema, "Sawa mzee, basi iwashe."

Nikakaa kwenye benchi la mama mmoja nikanywa supu ya makongoro na chapati mbili. Supu nzito, ndimu ya kutosha, chapati za jana zimepashwa. Nilipomaliza nikaona kunguru wamejaa juu ya bati la soko wanagombana, nikasema ngoja nijifunze na hawa kabla sijamfikia dudumizi. Nikabonyeza pekundu nikainua simu juu.

Muuza nyanya akasimama. "We mzee, unatupiga picha? Umetumwa na nani?"

Wenzake wakageuka. Mmoja akaanza kukunja turubai lake, wakadhani nimekuja kuhesabu meza za kuhamishwa.

"Narekodi kunguru," nikawaambia.

Wakaangua kicheko mpaka mwenye supu akaweka upawa chini.

"Kunguru anaingia studio leo."

"Babu, mchukue huyu wa kwangu, ananiibia dagaa kila siku na biti anaijua."

"Msimcheke, pengine ndiye wa kumwimbia harusi yake ya pili."

Nikawaacha wacheke. Nilipoirudisha ile sauti kusikiliza, kunguru hakuna. Kuna "Shikamoo babu," kuna mie "Marahaba, hujambo," kuna "Shikamoo mzee," kuna mie "Marahaba mwanangu." Mara saba. Sikumbuki hata kuwaitikia. Mdomo uliitika wenyewe.

Pale ndipo alipokuja mwenye bajaji, mtu wa makamo, Mhehe wa Iringa, wanamwita Baba Neema. Alikuwa amesikia kicheko. Akaniuliza naelekea wapi, nikamwambia Madale.

"Mbali, mzee. Lakini kunguru huko wapo wengi tu."

Nikapanda.

Buguruni hadi Tegeta

Njia hiyo mnaijua, siwaelezi. Nitasema tu kwamba ilituchukua mpaka saa nane mchana, maana kulikuwa na lori limelala barabarani na kila mtu akajifanya trafiki. Baba Neema ni mtu wa maneno. Alitaka kujua kabila langu, dhehebu langu, watoto wangu wangapi, na kwa nini mtu mzima anazunguka na simu anatafuta ndege. Nikamweleza habari ya mgonjwa. Akapunguza mwendo kabisa.

"Mungu amtie nguvu mama. Na mzee ulikuwa unafanya kazi gani?"

Hapo nikajisahau nikajisifu, nakiri. Nikamwambia nilikuja Dar kutoka Rufiji na shati moja, nikachimba vyoo Temeke miaka sita, nikanunua mkokoteni, nikanunua lori bovu, nikaja kuwa na malori matatu ya njano. Kazi yetu kifusi. Majumba ya zamani yakivunjwa mjini tunabeba matofali na zege, tunapeleka kwa mwenye kiwanja chenye shimo. Dalali anamwonyesha dereva mahali, dereva anamwaga, mie niko Chamazi nangoja tripu inayofuata. Nusu ya nyumba mnazoziona mabondeni humu zimesimama juu ya mgongo wangu. Nyuma ya kila lori niliandikisha JASHO LANGU, herufi nyekundu.

"Nimeshawahi kuyaona hayo," akasema Baba Neema. "Yalikuwa yanapita sana njia ya huku."

"Yalipita kila njia," nikamjibu, na nilifurahi.

Tegeta tulikula mihogo ya kukaanga, kachumbari na pilipili ya kuponda iliyomtoa Baba Neema machozi. Akaniambia sisi watu wa Pwani tunakula moto. Nikamwambia na nyie kwenu mnakula baridi, ndiyo maana mnasema taratibu. Kilikuwa kicheko changu cha mwisho katika safari hiyo.

Madale

Tulipanda kupitia Wazo, magari ya saruji yanatupita mfululizo, vumbi limekaa juu ya majani mpaka huwezi kujua mti gani ni mti gani. Mie nilikuwa namwelekeza Baba Neema kwa kumbukumbu. Mlima huu, kisha kushoto, kisha unaliona bonde lote chini, kijani, na ua wa minyaa wa boma la mkwe wangu ng'ambo.

Tukapinda kushoto. Bonde hakuna.

"Tumekosea," nikasema. "Rudi."

Tukarudi, tukapanda tena, tukapinda tena. Nyumba. Ukuta, geti, nyumba, ukuta. Ardhi imelala sawa kama meza.

"Mzee, una uhakika ni mlima huu?"

"Bonde halihami, Baba Neema."

"Basi tumehama sisi," akasema, akazima bajaji.

Nikashuka kwa miguu. Nikasema hata kama nyumba zimekuja, ndege atakuwepo mahali, nikabonyeza pekundu. Kulikuwa na mtu anachomelea geti, jenereta, kwaya inafanya mazoezi wimbo mmoja mstari mmoja. Nikatafuta kona ya kimya. Nikaipata, nyuma ya ukuta mmoja, penye majani marefu kidogo. Nikasimama nimebana pumzi.

Shule ikatoka.

Watoto wa kwanza wakapita, "Shikamoo babu." Marahaba. Wa pili, marahaba. Wale watoto wamelelewa vizuri, siwalaumu, lakini hakuna aliyekubali shikamoo ya mwenzake imtoshe. Kila mmoja aliniletea yake, mpaka vitoto vya chekechea vimeshikana mikono.

Baba Neema akanifuata. "Mzee si unyamaze tu. Wataelewa uko kazini."

"Nisiitikie shikamoo? Mie?"

Mtu akikupa shikamoo ukanyamaza umemtukana yeye na aliyemzaa. Nilivyolelewa Rufiji hata ukiwa na jino linauma unaitikia. Nikawaitikia wote, na hiyo rekodi ikawa marahaba tupu.

Geti la ule ukuta likafunguka. Akatoka mama mmoja mnene wa miaka kama sitini, amejifunga khanga juu ya gauni, akaniamkia naye. Akajitambulisha, Mama Getrude, mwalimu mstaafu, mtu wa Singida. Akauliza natafuta nani. Nikamwambia natafuta bonde la mkwe wangu, Mzee Kibwana.

"Jina hilo silijui. Lakini bonde lilikuwa hapa uliposimama, baba. Karibu ndani, jua lote hili."

Akatukalisha barazani akatupa uji wa ulezi kwenye vikombe vikubwa. Sakafu ya baraza imepasuka kutoka mlangoni mpaka kwenye ngazi, ufa wa kuingiza kidole. Akaona naitazama.

"Nyumba inazama hiyo, kila mvua kidole kimoja. Tulinunua kwa vijana wa ukoo waliokuwa wenyeji, wakatawanyika wote. Tulipohamia mie na marehemu mume wangu, chini huku palikuwa na maji na matete. Na ndege wale wa mvua. Nilikuwaga naamka nao. Kisha wakaja wenye viwanja vya chini wakaita malori, mwezi mzima wanamwaga zege na matofali. Sasa maji hayana pa kwenda, yanakuja kulala kwangu."

"Malori ya nani?" akauliza Baba Neema. Hakukusudia ubaya, ni mdomo wake tu.

"Ya njano. Ya tajiri mmoja wa Temeke, wanasema. Yameandikwa Jasho Langu." Akacheka kidogo, si kwa furaha. "Jasho lake, machozi yetu."

Baba Neema akaangalia uji wake. Mie nikaendelea kuunywa wangu. Ulikuwa mtamu, una ukwaju.

"Na makaburi?" nikauliza. "Pembeni mwa bonde kulikuwa na makaburi manne. Moja lilikuwa na bakuli la udongo kichwani."

Mama Getrude akaweka kikombe chini.

"Kulikuwa na makaburi?"

"Manne."

"Mume wangu aliwauliza wale madereva," akasema polepole. "Aliona matuta. Dereva akamwambia hayo ni matuta ya viazi ya zamani, yametelekezwa. Wakamwaga." Akanyoosha mkono kuelekea nyuma ya nyumba, penye banda la kuku na kamba ya nguo. "Ilikuwa usawa ule. Baba, walikuwa watu wako?"

"Wa mke wangu."

Akaanza kunipa pole, kwa machozi, ananishika mkono, ananiomba msamaha yeye, aliyezama na nyumba yake. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Neno moja tu, ni mie. Sikulisema. Nilimaliza uji nikamshukuru. Akaniambia kama ni ndege nawataka, wamehamia juu, Mabwepande, wakata majani wanawasikia kwenye vijito vya upande wa msitu.

Kwenye bajaji Baba Neema hakuwasha upesi.

"Mzee, utamwambia mama?"

"Endesha."

Mabwepande

Tulilala Wazo kwa dada yake Baba Neema, watu wema, walitupa wali na maharage na hawakuuliza kitu. Baba Neema naye hakusema, na kwa mtu yule huo ni ugonjwa.

Asubuhi ya siku ya pili manyunyu yalikuwa yameanza. Barabara ya Mabwepande ni udongo mwekundu, bajaji ikakwama mara mbili, mara ya tatu nikamwambia abaki nayo, nitakwenda kwa miguu. Nilitembea kama saa nzima nikifuata kijito, viatu vimeshika tope kilo mbili kila mguu. Huko juu nyumba zinapungua, unaanza kusikia vitu ambavyo umesahau kwamba vina sauti. Maji yakipita kwenye jiwe. Jani pana likipigwa na tone moja moja. Vyura walikuwa wanaitana kando ya maji, wanaacha nikikanyaga, wanaanza nikisimama. Nilisimama sana. Tangu nikiwa mtoto Rufiji sikuwahi kusimama mahali nikasikiliza bila kungoja kitu kingine.

Akalia.

Alikuwa kwenye matete ng'ambo ya kijito, simwoni. Du-du-du-du, mlio unashuka, unashuka, kisha kimya, kisha mwingine mbali anajibu. Nikabonyeza pekundu. Akalia tena, mara nne, mara tano, na upepo upo, na maji yapo, kama alivyotaka. Nikasema huyu hawezi kumkataa.

"Shikamoo mzee wangu."

Nyuma yangu kulikuwa na mkata majani wa ng'ombe, mtu mzima naye, amebeba mzigo kichwani na mundu mkononi. Ndege akanyamaza.

"Marahaba," nikasema. Ningeweza kuishia hapo. Lakini shikamoo ikishaitikiwa mtu huuliza habari, na habari huulizwa mpaka nyumbani. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Chamazi. Akashangaa, Chamazi mpaka huku kwa miguu, unatafuta nini, mzee wangu? Akatua mzigo wake. Tukakaa juu ya jiwe, manyunyu yanatudondokea, na sijui kilichonipata. Pengine ni kwa sababu simjui na hanijui. Nikamwambia yote. Nikamwambia mke wangu anakufa na anataka ndege wa kwao, na kwao nimekwenda jana nimekuta kifusi mpaka juu ya kaburi la mama yake, na kifusi ni changu, malori yangu, Jasho Langu imeandikwa nyuma.

Akachomeka mundu wake kwenye udongo.

"Ulijua?"

"Sikujua. Sikuuliza. Nilikuwa naambiwa Madale, Tegeta, Goba, kwangu yote mashimo."

"Na mama utamwambia?"

"Simwambii. Nitamwambia huyu ndege ni wa bondeni kwao. Afe na raha yake."

"Haya," akasema. Akajitwika majani yake. "Kila mtu anajua mgonjwa wake."

Akaondoka. Nikatazama simu, namba zinatembea, nikabonyeza pekundu ikaacha. Nikarudisha mwanzo nikasikiliza: dudumizi, safi, na maji. Sikusikiliza zaidi ya hapo. Niliona inatosha, nikaitia mfukoni ndani ya mfuko wa plastiki.

Kurudi Chamazi

Tulilala tena Wazo, siku ya tatu tukaingia Buguruni, pikapu imetengenezwa. Baba Neema akanipa mkono wa kuagana akaushikilia. Akasema, "Mzee, mimi si mtu wa kukufundisha." Nikamwambia basi usinifundishe. Ndivyo tulivyoachana, na ninajuta, maana alikuwa mtu mzuri.

Chamazi mvua ilikuwa imeshaanza kweli. Mwanahawa alikuwa amedhoofika katika siku tatu hizo kuliko miezi mitatu iliyopita. Zaituni akamwinua kwa mito, nikabonyeza, nikampa simu. Akaishika mwenyewe kwa mikono miwili, akaibana sikioni. Sauti ilikuwa kubwa, tuliisikia wote.

Dudumizi akalia.

Sijui niwaelezeje uso wake. Mlikuwa mnamjua mgonjwa. Mie niliona msichana niliyemposa.

"Ni yeye," akasema. "Yuko na maji."

"Ni yeye."

"Umemkuta bondeni?"

"Bondeni kwenu."

"Na mama?"

"Yupo palepale."

Akafumba macho, ndege anaendelea. "Basi mnizike kule. Nilikuwa sisemi, nikidhani pamekwisha. Mnizike kwa mama. Zaituni, umesikia?"

"Nimesikia, mama," Zaituni analia.

Mie nilikuwa nishaanza kufikiri nitatokaje hapo, nitamwambia nani nini, nikasikia kwenye simu, "Shikamoo mzee wangu." Nikasikia marahaba yangu. Nikajua simu ilikuwa haijazimwa tulipokaa kwenye jiwe. Nikanyoosha mkono kuichukua. Akaibana zaidi. Mtu asiyeweza kushika kijiko, hakuniachia simu. Ningetumia nguvu ningemvunja vidole.

Akasikiliza yote. Kifusi, malori, kaburi. "Afe na raha yake," kwa sauti yangu mwenyewe, kubwa, ya mtu anayejiona ana busara. Na yule mkata majani na haya yake.

Zaituni alikuwa ananitazama. Sikumtazama.

"Mrudishe mwanzo," Mwanahawa akamwambia. Si mie, Zaituni. Zaituni akarudisha. Akamsikiliza tena ndege, alipofika kwenye shikamoo akasema, "Hapo, zima." Akaiweka simu kifuani pake.

"Mama yangu umemfukia wewe," akasema. Macho hakufungua. "Mara mbili. Mimi watanifukia wengine."

Nilitaka kumwambia sikujua. Niliona hata hilo alishalisikia.

Aliishi siku tisa. Kila asubuhi na kila alasiri Zaituni alimwekea ndege, mpaka kwenye shikamoo, anazima. Mie nilikuwa nakaa nje ya mlango nasikia. Alikula kidogo nilichompelekea, alinishukuru kwa chakula, alinijibu nikimuuliza kama maumivu yamepungua. Hakunitukana, hakunisema kwa mtu. Neno lile hakulirudia na hakulifuta.

Mazikoni mlikuwepo. Tulimzika makaburi ya hapa Chamazi, kwa kuwa kwa mama yake hapafikiki. Mliona hakushuka mumewe, alishuka mume wa Zaituni na vijana wawili. Mliona kila mtu anatia udongo mara tatu, na mie nimesimama mikono nyuma. Mmoja wenu akaninyooshea sepetu, nikatikisa kichwa. Wengine mkasema goti, wengine mkasema majonzi yamemzidi, na aliyeninong'oneza kuwa si vizuri, watu wanaona, nilimsikia.

Nilisimama nasikiliza. Udongo wa kwanza unalia juu ya mbao za mwanandani, kwa nguvu, mtu unaweza kuhesabu kila bonge. Kisha unalia kidogo. Kisha unaangukia udongo mwenzake na hausikiki tena, na hapo ndipo nilipogeuka nikaondoka.